Safu ya Maoni

Kichupa 417 nimekitoa saa mbili asubuhi,
kimejipaka theluji kama unga wa muhogo.
Wino wa jina umefifia, nambari ipo.
Nimekilaza kwenye barafu kiyeyuke taratibu,
maana damu si pweza,
haipigwi ikalainika.

Miaka kumi na minne.
Miwili ya kwanza ilikaa katika friza ya kawaida,
ile ya kufunguliwa kwa juu, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
jirani na chanjo za kuku za watu wa mifugo,
Wete, chumba cha nyuma, dirisha la wavu.
Umeme ukakatika siku sita.
Tulizunguka mji tukiomba barafu kwa wauza juisi,
friza tukaivika magodoro mawili na blanketi
kama mzazi wa siku arubaini,
ila sisi tulikuwa tunalinda baridi.
Ndipo baadaye likaja jokofu kubwa la nyuzi themanini,
hili linalokoroma usiku kucha kama paka aliyeshiba.

Mafuta hayaondoki yote kwa pamoja.
Kolesteroli ngumu: tano nukta tisa ilikuwa,
tano nukta saba leo,
tofauti ambayo hata mizani ya muuza sukari huipitiwa.
Mafuta ya nazi na ya samli yapo, yamekaa kitako
kama wageni wa harusi wasiojua kuaga.
Lakini yale mepesi, ya dagaa, ya jodari,
yana milango mingi isiyo komeo;
hewa huingia ikayala
humo humo ndani ya barafu, kidogo kidogo.
Kwenye grafu, pale ambapo kilele kingesimama,
pana kichuguu.

Basi ripoti itasema: mwanamke, miaka hamsini na mbili,
mkaazi wa Kojani,
si mlaji wa samaki.

Kojani!
Nyumba zilivyobanana, ukikaanga changu
jirani anajua kama umetia ndimu.

Mize Faki Shaame.
Nilimtoa damu mwenyewe, mkono wa kushoto,
skuli, darasa la tatu, kiwiko juu ya dawati.
Nje walikuwa wakinong'ona: mumiani huyo,
kaja na kasha lake la barafu.
Yeye akakaa wa kwanza.
Tuliwaambia wasile tangu usiku, midomo imewakauka.
"Fanya hima, mwanangu," akasema,
"nimeacha mchuzi wa nguru jikoni
na paka wa hapa hawana haya."
Sindano ikaingia, hakugeuza uso.
"Mtaiweka mpaka lini?"
Mpaka tutakapoihitaji, nikajibu,
jibu la mtu aliyefundishwa kujibu.
"Basi itakaa kuliko mie." Akacheka,
na damu ikatikisika kwenye mrija.

Imekaa.
Tuliporudi mwaka wa nane wa utafiti
mlango wake ulikuwa na kufuli,
na kufuli lenyewe limeshika kutu.

Daktari wa Unguja anataka jedwali kabla ya adhuhuri.
Kanuni naijua, niliwafundisha vijana mimi:
pima, andika, usikisie.
Kilichoyeyuka hakirudi kwenye jokofu;
ukikigandisha tena, kitajifunza uongo mwingine.
Nimebakiwa na matone,
rangi ya asali iliyozidiwa maji.
Nayamimina kwenye dawa ya kuulia vijidudu,
bismillahi ikanitoka bila kuipanga.

Kisha kwenye safu ya maoni,
ambayo huwa tunaandika "kiasi hakitoshi"
au "lebo haisomeki",
naandika kwa peni, herufi ndogo zitoshe kwenye kisanduku:
Alikula samaki. Siku ile alikuwa na nguru jikoni.
Upungufu ni wa friza.

Mashine inalia. Inataka 418.